Springi za Bi Mkubwa

3 Mei

Mume wangu, wangu peke yangu,

Kila nikiandika neno hilo nasimama kidogo nilitazame. Mume wangu! Jana Mzee wa Vioo aliniuliza mbona nacheka na kioo badala ya kukikata. Nikamwambia sicheki na kioo, nacheka na huyo aliyemo ndani, mke wa mtu. Akasema, "Basi mwambie mke wa mtu mteja anarudi saa nane."

Barua yako ameileta Polepole hadi dukani. Lori lake linaingia mtaani taratibu mpaka kuku wanapata muda wa kujadiliana nani avuke kwanza. Akashuka, akajipangusa mikono, akasema, "Shemeji, barua ya mume hiyo. Haijakunjwa hata pembe." Na kweli.

Umeniuliza kama sijachoka kuitwa Bi Mdogo. Sijachoka, na wala sichoki. Nilijua tangu mwanzo kwamba nimemkuta mwenzangu ndani ya nyumba, mwekundu, wa milango miwili, ameinama chini hata paka hapiti uvunguni mwake. Gari la spoti ndilo lilikuwa la kwanza kukupenda, mimi nimefuata. Bi Mkubwa nampa heshima zake.

Watu wanasema ni gumu. Waache waseme. Ulipokuja mwezi wa tatu ukanizungusha mjini, lilikuwa likikanyaga punje ya mchele najua imevunjikia upande gani. Pale kwenye matuta ya sokoni meno yaligongana mpaka nikauma ulimi. Ukanitazama kwa wasiwasi, mimi nikakwambia, "Ongeza!" Unakumbuka ulivyocheka? Mpenzi, mle ndani naisikia barabara kama unavyoisikia wewe. Ni kama umenipa mkono wako nikaipapasa dunia nao.

Leo nimefunga vioo vikubwa vya saluni, vinasafiri mbali. Unajua kioo hakilazwi? Kikilazwa, kila shimo linakipiga tumboni. Kinasimamishwa juu ya mipira ya ndani ya matairi, iliyojazwa upepo nusu tu, maana uliojaa unarusha na ulio nusu unabembeleza. Halafu kamba pembe nne, chuma kisiguse chuma. Nilipomaliza nikawaza, mbona nisijifunge hivyo hivyo nikajituma kwako?

Likizo ya mwezi uliopita wamekunyima, hii nyingine wasithubutu.

Wako anayehesabu malori badala ya kulala,
Bi Mdogo


9 Mei

Bi Mdogo,

Barua yako nimeisoma juu ya mguu wa darubini ya kupimia, kwa hiyo ina vumbi. Samahani.

Huku ni vumbi na vigingi. Napima, napigilia kigingi, greda linakuja linang'oa kigingi, napima tena. Lakini lami inasogea. Kutoka kwenu hadi daraja kubwa barabara imekwisha, imenyooka mpaka unaona haya kupiga honi. Kutoka darajani hadi kambini bado ni changarawe iliyojikunja kama bati, saa nne za kutetemeka.

Sasa habari yenyewe. Wamenipa nyumba. Vyumba viwili vya matofali, jiko nje, dirisha moja halina kioo na nimewakataza wasiliweke, nimewaambia fundi wake yuko njiani. Jumamosi ya tarehe 14 Juni nitakuja kukuchukua. Tutakuja na Bi Mkubwa, wewe mbele pamoja nami, mizigo itafuata na Polepole. Utakuwa mwanamke wa kwanza kupita juu ya barabara niliyoipima mimi.

Na zawadi. Nimemwekea Bi Mkubwa springi mpya, fupi na ngumu kuliko zile, na shokapu nimezikaza hadi mwisho. Fundi wa kambi alinisihi sana. Akaniuliza, "Bosi, unataka gari au unataka toroli?" Nikamwambia ndivyo anavyopenda mke wangu.

Unajua yule niliyekuwa nimchumbie kabla yako alivyoniaga. Alishuka katikati ya mji, akabamiza mlango, akasema ama yeye ama hilo toroli. Nilikosa la kumjibu, naye akadhani nimejibu. Kwa hiyo wewe ulipouma ulimi ukasema ongeza, nilijua nimepata mtu. Sikukwambia siku ile kwa sababu mimi si mwepesi wa maneno. Nakwambia leo.

Wako,
Mpimaji


13 Mei

Dada yangu mpendwa,

Ukimaliza zamu yako ya wodini, funga mlango usome peke yako.

Nina mimba. Inaingia mwezi wa nne. Nilijua wiki moja tu baada ya shemeji yako kurudi kambini mwezi wa tatu, na mpaka leo sijamwambia. Usinikaripie kwanza, nisikilize. Nataka kuuona uso wake. Dada, yule mtu hana maneno, vyote viko usoni. Siku aliponiposa alisema sentensi moja, lakini ungeuona uso! Nikimwandikia, habari hiyo ataisoma mbele ya greda, uso huo utakwenda kwa wapiga lami. Nikasema nitangoja likizo yake ya mwezi wa nne, wakaifuta. Sasa anakuja tarehe 14 Juni kunihamishia huko, na nimepanga kila kitu: tukifika darajani nitamwomba asimame, nimwambie pale, barabara yake mbele na sisi watatu ndani ya gari.

Ila kuna mambo mawili.

La kwanza, hilo gari. Wewe peke yako ndiye nitakayekwambia kweli. Nilimdanganya. Nauchukia mwendo wake. Kiti hakina godoro la maana, springi kama nguzo, ukipita kwenye kifuniko cha mtaro unakipata kwenye kiuno, shingo na jino la mwisho. Mwezi wa tatu nilishuka nikajifanya nanusa maua kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Lakini nilijua habari za yule mwanamke aliyemtaka achague. Nikaapa sitafanana naye hata kidogo. Nikasema "ongeza". Na sasa, kwa kunipenda, amelifanya gumu zaidi! Zawadi yangu hiyo.

La pili ni dogo. Juzi niliona damu. Haikuuma hata kidogo. Jana tena, kidogo tu. Kwa kuwa haiumi nimeona si kitu, sivyo?

Nijibu upesi.
Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Hongera. Nimelia kwenye stoo ya mashuka, kisha nikanawa uso nikarudi kazini.

Sasa nikwambie kama mkunga. Damu isiyouma ndiyo ninayoiogopa. Mimba ikitokwa na damu bila maumivu, mara nyingi kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Mwenye hali hiyo anaweza kuamka mzima akacheka asubuhi, mchana akamwagika damu kama ndoo iliyopigwa teke. Akiwa karibu na hospitali, tunamwokoa. Akiwa mbali, sitaki kukuandikia.

Nenda kwa daktari kesho, apige picha ya tumbo. Usinyanyue kioo. Usipande kitu chochote kinachoruka.

Na mumeo mwambie. Uso utauona siku nyingine, uso hauhami.

Dada yako


22 Mei

Mume wangu mpenzi,

Nakuandikia haraka, Polepole ameshawasha injini. Nakupenda kuliko nilivyokupenda jana, na jana nilidhani nimefika mwisho.

Nina ombi moja tu. Tarehe 14 usije na Bi Mkubwa. Njoo na lori la Polepole. Liache gari kambini. Tafadhali usiniulize kwa nini, na usikasirike. Sababu ninayo, ila nataka kukwambia uso kwa uso. Kwa sasa jua tu kwamba mimi ndani ya gari lile siwezi.

Halafu kuhusu kuhamia huko, tulizungumze kwanza ukifika. Usiogope!

Nakubusu kila kigingi,
Bi Mdogo


30 Mei

Mke wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Haina sababu.

Ulisema ongeza. Ulisema ni kama nimekupa mkono wangu. Maneno hayo nimeyaweka, yako hapa mbele yangu. Sasa unaandika kwamba huwezi, na kwamba kuhama tukuzungumzie. Nilikuwa na mwingine aliyekuwa na sababu za uso kwa uso. Alipofika usoni ilikuwa ama yeye ama gari.

Sikujua kama ulikuwa unasema ili nifurahi. Kama hilo lilikuwa la uongo, nami si mtu wa maneno, nitajuaje mengine yapi yalikuwa ya kweli?

Nitakuja tarehe 14 kama nilivyosema, na gari langu, kwa sababu sina lingine. Ukipanda, tutakwenda kwetu. Usipopanda, nitakuwa nimejibiwa.

Mumeo


3 Juni

Dada,

Soma barua hii niliyoiambatanisha, unirudishie. Ameandika "Mke wangu". Hajawahi kuniita hivyo. Amesaini "Mumeo", kama barua ya mahakamani.

Kwa daktari nilikwenda. Ni kama ulivyosema, kondo limeziba njia yote. Amesema nisisafiri, nisitikiswe, nisiwe mbali na hospitali, na mtoto atatoka kwa upasuaji. Alisema polepole sana, kama mtu anayeshuka ngazi na trei ya glasi.

Unasema nimwambie. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Nikimwambia sasa, atadhani nini? Kwamba nimeshindwa na gari, nikamvuta mtoto mbele nijikinge naye. Atakuwa mpole, ndiyo, ataliacha gari, lakini moyoni atabaki na lile la "nitajuaje". Na mimi sitaki mume mpole kwa lazima, namtaka yule aliyecheka pale kwenye matuta.

Basi nimeamua. Nitapanda. Usipige kelele! Damu imekatika wiki nzima sasa. Hadi darajani ni lami, haina neno. Pale nitamwambia, uso wake nitauona, na yeye mwenyewe atageuza gari, au atakwenda kwa mwendo wa kutembea. Nimeshachukua mipira miwili ya ndani dukani, nimeijaza nusu, nimeishonea kitambaa. Nitaikalia. Nimefunga vioo kwa miaka minne na hakijavunjika kimoja. Nitashindwa kujifunga mwenyewe?

Niombee,
Mdogo wako


7 Juni

Wewe mtoto,

Kioo hakina damu.

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Wiki hii tulimpokea mwanamke wa umri wako, ametoka mbali, hana maumivu, anatuomba radhi kwa kutuchafulia sakafu. Sikwambii iliishaje. Fikiri mwenyewe kwa nini nakuandikia nimesimama.

Kutoka kwenu kufika barabarani tu kuna matuta mangapi? Na lile gari ulivyonielezea, limekazwa tena! Na akigoma kugeuka hapo darajani kwa sababu ya kiburi? Na damu ikianza kabla hujafungua mdomo, utamwambia nini, "subiri kwanza niuone uso wako"?

Unaogopa kufanana na yule mwanamke aliyeshuka. Yule angalau alisema kilichomuuma. Wewe unataka kufa ukitabasamu kwenye kiti cha mbele.

Sitamwandikia mimi. Ni mume wako, si wangu. Mwandikie leo, yote, umpe Polepole mkononi. Ukipanda hilo gari, mimi sina mdogo.

Dada yako, kama bado unamtaka


10 Juni

Mpenzi,

Hii ni barua ninayoiandika bila kuipamba, kwa hiyo nivumilie, sijazoea.

Nina mimba yako. Ni ya tangu kabla hujaondoka mwezi wa tatu. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kuona uso wako ukisikia. Hiyo ndiyo sababu yote, ya kijinga hivyo hivyo.

Mimba imekaa vibaya. Kondo la nyuma liko chini ya mtoto, limefunga njia. Nikitikiswa naweza kutokwa na damu nyingi, na huko darajani kwenda mbele hakuna wa kuizuia. Ndiyo maana nilisema gari siwezi na kuhama tuzungumze. Si ama mimi ama gari. Ni huyu mtoto.

Na kweli nyingine. Sipendi mwendo wa Bi Mkubwa. Unaniumiza, ulikuwa unaniumiza siku zote. Nilisema ongeza kwa sababu niliona umeogopa, na sikutaka uogope na mimi. Hilo lilikuwa la uongo. Unauliza utajuaje mengine yapi ni ya kweli. Ni yote mengine. Sina njia ya kuyapima, wewe ndiye mpimaji.

Kama umekasirika, njoo na hasira yako, lakini njoo kwa lori.

Polepole ameapa kukupa mkononi. Amesema, "Shemeji, mimi sijawahi kuchelewa. Huwa nafika tu baadaye."

Mkeo


13 Juni, kwa mkono wa dereva wa greda

Mke wangu,

Polepole hajafika huku wiki hii, hatujui yuko wapi. Kwa hiyo kama uliandika, sijapata.

Naondoka kesho alfajiri. Uwe umefungasha.

Mumeo


14 Juni, benchi la nje ya wodi

Bi Mdogo,

Naandika nyuma ya ramani kwa sababu sina karatasi nyingine. Muuguzi amekataa niingie, saa za kuona wagonjwa zimekwisha. Amekubali kukuletea hii.

Nimekutana na Polepole kwenye changarawe, karibu kabisa na daraja. Lori limevunjika springi, yeye yuko chini yake. Aliposikia injini yangu akatoka mbio. Polepole, mbio! Amesimama katikati ya barabara na bahasha juu. Alikuwa amekaa pale tangu juzi usiku, barua yako mfukoni. Pembe hazikukunjwa.

Nimeisoma nimesimama. Halafu nimegeuka kuitazama njia niliyotoka. Saa nne zote zile nilikuwa nakimbiza gari kwa hasira, kila bati la changarawe nalisikia kwenye mgongo, nasema moyoni, hiki ndicho anachokikataa. Pale barabarani nikaanza kuyasikia upya, moja moja, wewe ukiwa kiti cha pembeni. Polepole alinishika bega akaniuliza kama naumwa.

Nimefika nyumbani nimekuta kufuli. Jirani akasema, "Shemeji, wamempeleka hospitali asubuhi, khanga zote zimelowa." Mlangoni kulikuwa na mipira miwili imeshonewa kitambaa. Nimeielewa ni ya nini. Nimekaa juu yake kidogo, kisha nimekimbilia hapa.

Sijui kama uko. Hakuna anayenijibu, kila mmoja ananiambia ningoje daktari. Nijibu hata neno moja.

Mpimaji


Siku hiyo hiyo

Bado tupo wawili.

Damu imepungua. Wamenitundikia chupa. Mtoto anacheza, muuguzi amenisikilizisha moyo wake, unakwenda kasi kama wewe.

Usilie benchini, tafadhali, wodi nzima imekwisha kusimuliwa.

Mpenzi, nimeificha habari hii tangu mwezi wa tatu ili niuone uso wako, sasa katikati pana ukuta. Basi niandikie uso wako. Ukoje?

B.M.


Siku hiyo hiyo

Sijui ukoje. Hapa hakuna kioo. Nimemuuliza muuguzi. Amesema unafanana na wa mtu aliyepewa zawadi akaambiwa asiifungue.

Nipo hapa. Sitaondoka benchini.

M.


2 Agosti

Bi Mdogo,

Nimepata mnunuzi wa gari. Ni kijana mwenye mgongo mzuri. Atakuja kulichukua mwisho wa mwezi. Usiniambie kitu, nimeamua. Siwezi kulitazama.

Nyumba haina haraka. Ulale hapo wodini mpaka waseme inuka. Lami imevuka daraja.

Usiku silali vizuri. Kila lori likipita nadhani linaleta habari.

Mpimaji wako


8 Agosti

Mume wangu,

Usithubutu!

Nimelala chali katika wodi hii mpaka naijua dari kuliko aliyeijenga, na nimefikiri sana. Wiki iliyopita damu imerudi, sikukwambia siku ile ile, nakuambia leo, ona nilivyojirekebisha. Imesimama. Daktari ananikazia macho kila asubuhi, nami namkazia. Dada amechukua likizo, analala kwenye kiti kando yangu na ananitukana kwa upendo.

Lakini Bi Mkubwa usimwache. Ukiliuza kwa sababu yangu, kila ukikasirika miaka ijayo nitaliona limesimama katikati yetu na mlango umebamizwa. Sitaki uchague. Nakutaka uje nalo peke yako, ukimbie utakavyo, ufike, unywe maji, unipende. Mimi nitapanda vyombo vyangu.

Niambie kweli moja na wewe. Mgongo wako haukuumi?

Bi Mdogo


14 Agosti

Unauma. Tangu siku niliyolinunua.

Nimemwambia yule kijana hapana.

Mpimaji


12 Oktoba, kwa redio ya ofisi ya barabara

KWA MPIMAJI, KAMBINI. DAMU IMEANZA NYINGI. WANAMPASUA SASA. DAMU YA KUNDI LAKE HOSPITALINI HAITOSHI. YAKO INALINGANA. SHEMEJI, NJOO NA LILE GARI LAKO, NA USILIONEE HURUMA. DADA.


30 Novemba

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Tangu ulipotuacha ukarudi kazini nimekuwa nikingoja mikono iwe huru nikuandikie. Haiwi. Basi naandika kwa mmoja, wa pili umembeba mwanao. Amenenepa! Ana mashavu mpaka hana shingo.

Mengine ya siku ile umeyaona wewe, mimi sikuwepo, nilikuwa nimelala kwa dawa. Lakini kuna ambalo shemeji yako amenisimulia juzi tu. Anasema alipofika hospitali na kukaa kiti cha kutolea damu, mkono ulikuwa unatetemeka kwa zile springi, hautulii, muuguzi anaukosa mshipa. Ukaja wewe. Ukamwambia, "Tulia wewe, unatikisika kama toroli." Akasema, "Siwezi, shemeji, bado nipo njiani." Ukamshika mkono kwa magoti yako yote mawili mpaka sindano ikaingia. Hukuniambia hilo, Dada. Chupa ya kwanza ilikuwa yako na ya pili yake, kwa hiyo ndani yangu mnazunguka wote wawili na ninatarajia mtaelewana.

Sasa safari. Jana daktari alisema niende, nimepona. Shemeji yako alikuja kutuchukua kwa lori, maana Bi Mkubwa alikuwa amesimama uani mwa hospitali tangu siku ile, hakuna aliyemgusa. Akasimama pale kati ya lori na gari, anajikuna kichwa. Gari lazima lirudi kambini, na yeye hataki kutuacha na Polepole ili aende nalo peke yake. Nikamwambia, "Baba nanihii, unasahau nimefanya kazi gani miaka yote hii."

Dada, ungeniona! Nimekaa kwenye kiti cha magurudumu na mtoto, natoa amri. Wamempandisha Bi Mkubwa juu ya lori kwa mbao mbili. Mzee wa Vioo alituma mipira ya ndani, nikaiagiza ijazwe nusu, si kamili. Wakaiweka chini ya gari, mbele na nyuma. Kamba pembe nne. Chuma kisiguse chuma. Polepole akaniuliza, "Shemeji, huyu naye ni kioo?" Nikamwambia, "Huyu ni Bi Mkubwa. Leo atakaa nyuma."

Tukaondoka, sisi wanne mbele. Mimi katikati na mtoto kifuani, shemeji yako dirishani. Nilijua matuta ya sokoni yanakuja, nikafumba macho, na nilipoyafumbua yalikuwa yamepita. Tukaingia kwenye lami. Barabara yake! Imenyooka, nyeusi, ina mstari katikati kama umechorwa na mtu mwenye mapenzi. Nilikuwa nimepanga kulia darajani, nikalia kabla. Nilimgeukia, na ule uso nilioungoja tangu mwezi wa tatu, Dada, niliupata wote, bila ukuta.

Nikatazama nyuma kupitia kidirisha. Bi Mkubwa ametulia juu ya mipira yake, anabembea kidogo, taa zake zinatutazama. Sijawahi kumwona akistarehe hivyo.

Kulikuwa na gari zima la abiria limetupita linapiga honi, halafu baiskeli, halafu, naapa, mzee mmoja na mbuzi wake tulishindana naye muda mrefu. Hatimaye Polepole akaona aibu. Akamtazama shemeji yako, huyu huyu aliyekaza shokapu hadi mwisho, akamuuliza, "Vipi, bosi, tuongeze kidogo?"

Shemeji yako akamtazama mtoto, amelala, mdomo wazi.

"Punguza," akasema.

Mdogo wako mwenye furaha